Swali Kabla ya Chuo: Namna ya Kupanga Masomo ya Juu ya Fasihi ya Kiingereza

Matokeo ya shahada ya kwanza yakishatoka, wahitimu wa fasihi ya Kiingereza huanza kuulizana: "Unaomba chuo gani?" Mmoja anatafuta ada nafuu, mwingine anatafuta ufadhili, wa tatu anataka kusoma ng'ambo tu, popote patakapopatikana. Yote hayo ni ya haki. Tatizo ni kwamba yakitangulia, yanavuruga yanayofuata. Anayeanza na chuo hujikuta akiandika pendekezo la utafiti ili fomu ijae, akipangiwa msimamizi asiyehusika na mada yake, na miaka ikiyoyoma huku tasnifu ikibaki sura mbili. Tunao wengi wa namna hiyo: walihudhuria semina zote, wakafaulu mitihani yote, kisha wakakwama kwenye tasnifu na hawakurudi tena.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpango mzuri wa uzamili au uzamivu wa fasihi una mfuatano wake. Swali linatangulia, vinafuata vitabu vya kulijibu, halafu msimamizi, na ndipo chuo, fedha na ratiba vipangwe. Tuanze na historia ya somo lenyewe, maana ndiyo inayoamua mwombaji atakutana na nini akishadahiliwa.

Historia ya somo na maana yake kwa mwombaji

Wengi hudhani fasihi ya Kiingereza ni somo la kale sana katika vyuo vya Uingereza. Sivyo. Oxford ilianza kuitolea shahada mwaka 1894, na Cambridge ikafuata mwaka 1917. Kabla ya hapo msomi aliyeheshimika alikuwa yule aliyebobea katika Kigiriki na Kilatini. Somo hili lilikuwa bado changa hata kwao lilipofika Makerere, ambayo tangu 1949 iliwaandaa wanafunzi wake kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Juni 1962 Makerere ikawa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, na hapo ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alipomwomba Chinua Achebe amsomee mswada wake.

Miaka sita baadaye mambo yalibadilika. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka mjini Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ivunjwe na mahali pake pawekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Hawakusema fasihi ya Ulaya itupwe. Walitaka Afrika iwe kitovu, fasihi simulizi ipewe hadhi yake, na fasihi za kwingineko zisomwe kwa jinsi zinavyohusiana na sisi. Nairobi ikapata Idara ya Fasihi, na Dar es Salaam nayo ikashika mwelekeo huohuo.

Mwombaji wa leo anaishi ndani ya matokeo ya waraka ule. Akiomba uzamili wa fasihi Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, atakutana na riwaya ya Kiafrika, fasihi ya Karibi, fasihi simulizi na nadharia, pamoja na Shakespeare na wenzake. Akiomba Uingereza, atakuta shahada nyingi zimegawanywa kwa vipindi: enzi za kati, karne ya Shakespeare, enzi ya Malkia Victoria, usasa, na pembeni yake fasihi ya dunia au fasihi ya nchi zilizotawaliwa. Jina la shahada halimwambii mtu atasoma nini. Lazima asome orodha ya kozi, moja baada ya nyingine, na ahakikishe zinafundishwa mwaka atakaokuwepo, kwa kuwa kozi nyingi za uzamili husimama mwalimu wake anapokwenda likizo ya utafiti.

Kuna pia swali la dhamiri ambalo wanafunzi wetu huulizwa na hata hujiuliza: Je, Mwafrika anayetaka kubobea katika John Milton au Jane Austen anaisaliti asili yake? Hapana. Waraka wa 1968 ulihusu mtaala wa idara nzima, ulihusu nini kiwe katikati. Haukumkataza mtu mmoja kufuata udadisi wake. Kinachohitajika ni kwamba mtafiti anayekwenda kwa Milton ajue anaondokea wapi, na awe na neno la kusema ambalo waliomtangulia hawakulisema. Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, na hakuna aliyesema ameupa kisogo Uafrika wake.

Jinsi swali linavyochongwa

Kosa kubwa la mapendekezo ya utafiti ni upana. Chukua mada inayojitokeza mwaka hadi mwaka: taswira ya mwanamke katika riwaya ya Kiafrika. Mada hiyo haina mwisho. Afrika ni kubwa, riwaya ni maelfu, na neno "taswira" linaruhusu kila kitu. Mwanafunzi atakayeishika ataishia kuorodhesha wahusika wa kike na kusema huyu anaonewa, yule anapigana. Hiyo ni orodha, haijawa hoja.

Tuichonge mada hiyo. Kwanza tupunguze mahali na wakati: Afrika Mashariki, kuanzia uhuru hadi miaka ya 1980. Kisha tuchague riwaya mbili zenye mazungumzo ya kweli baina yake. *The Promised Land* ya Grace Ogot ilitoka mwaka 1966, nayo inamfuata Nyapol, mke anayehama Nyanza na mumewe kwenda kutafuta ardhi Tanganyika. *Coming to Birth* ya Marjorie Oludhe Macgoye ilitoka mwaka 1986, nayo inaanza na Paulina, msichana aliyeolewa, akifika Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni. Miaka ya Paulina inakwenda sambamba na miaka ya Kenya hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Riwaya zote mbili zinaanza na jambo moja, mke anamfuata mume mahali asipopajua.

Hapo swali linazaliwa: Waandishi hawa wanaitumiaje safari ya mke anayemfuata mume kuhoji nchi ni ya nani? Sasa tuna kitu cha kutafuta katika kurasa. Tutatazama nani anaamua kuondoka, nani anapewa nyumba kwa jina lake, nani anafanya kazi ya mshahara, mpaka wa nchi unavukwaje na anayeuvuka analipa nini. Tutaweza kumkuta msomaji mwingine, mwenye akili zake timamu, akatubishia kwa kutumia kurasa zilezile. Nayo kazi itaisha, kwa sababu vitabu ni viwili na hoja ina mipaka.

Swali linalofaa hujulikana kwa mambo hayo. Linajibika kwa ushahidi wa matini yenyewe, si kwa maoni ya jumla kuhusu jamii. Lina upinzani, yaani mtu anaweza kulijibu kinyume. Na lina ukubwa unaolingana na shahada. Tasnifu ya uzamivu Uingereza huwa na maneno 80,000 hadi 100,000. Tasnifu ya uzamili wa mwaka mmoja huko huwa kati ya 12,000 na 20,000. Swali la vitabu viwili linatosha uzamili. Uzamivu utahitaji vitabu vingi zaidi na sababu ya kuviweka pamoja.

Micere Githae Mugo anatupa mfano wa swali lililoiva. Alisoma masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, na kitabu chake cha uhakiki *Visions of Africa* cha 1978 kinawaweka pamoja Achebe, Ngũgĩ, Elspeth Huxley na Margaret Laurence. Laurence alikuwa Mkanada aliyeishi Somalia na Ghana na kuandika juu yake. Mugo hakuacha maswali ya nyumbani alipofika Kanada, wala hakujifanya hayuko Kanada. Alipata swali lililohitaji sehemu zote mbili.

Kusoma kwanza, nadharia baadaye

Kati ya shahada ya kwanza na fomu ya maombi panahitajika muda wa kusoma ambao hakuna anayeusimamia. Wanafunzi wengi huuruka. Mpango unaofaa ni kuwa na orodha tatu. Ya kwanza ni matini za swali lenyewe, zisomwe mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Ya pili ni uhakiki ulioandikwa juu ya matini hizo, ili mtu ajue nini kimeshasemwa. Ya tatu ni vitabu jirani: kazi nyingine za mwandishi yuleyule, za wenzake wa wakati huo, na historia ya mahali hapo. Anayemsoma Macgoye bila kusoma historia ya Nairobi ya miaka ya 1950 atapitwa na nusu ya riwaya.

Nadharia ndiyo inayoharibu mapendekezo mengi. Desturi iliyoenea ni kutaja nadharia katika ukurasa wa kwanza, ama ya ufeministi ama ya baada ya ukoloni, kisha kuipakaza juu ya riwaya yoyote iliyo mbele. Matokeo yanajulikana kabla ya kazi kuanza. Walioziunda nadharia hizo hawakufanya hivyo. Edward Said, ambaye *Orientalism* yake ya 1978 inatajwa karibu katika kila tasnifu, alianza na uzamivu juu ya Joseph Conrad, akisoma barua na hadithi za mtu mmoja kwa makini sana. Achebe alipotoa mhadhara wake maarufu juu ya Conrad huko Amherst, Marekani, mwaka 1975, nguvu yake ilitoka katika sentensi za Conrad mwenyewe. Mwanafunzi naye asome kwanza, aone kinachomsumbua katika kitabu, ndipo atafute ni nadharia gani inamsaidia kukieleza.

Kiswahili ni mtaji wa utafiti

Jambo hili halisemwi vya kutosha katika idara zetu. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeomba nafasi ya kusoma fasihi ya Kiingereza hukiona Kiswahili chake kama kitu cha nyumbani, kisichohusika na maombi. Anajinyima silaha yake bora.

Tazama *Paradise*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyoingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Riwaya inamfuata Yusuf, kijana anayewekwa rehani kwa deni la baba yake na kuingia katika msafara wa biashara unaokwenda bara. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu za safari hiyo zinazungumza na maandishi ya Kiswahili ya karne moja kabla: simulizi za wasafiri zilizokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901 kwa jina la *Safari za Wasuaheli*. Mtafiti aliyeko London bila Kiswahili anazifikia simulizi hizo kupitia tafsiri. Mwanafunzi wa Tanga, Mombasa au Unguja anazisoma moja kwa moja, anasikia lafudhi ya msimuliaji, anaona Gurnah amechukua nini, amebadili nini na amenyamazia nini. Akiwa na Kijerumani cha kusoma tu, ataongeza kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ambazo zitamfaa tena akifika kwenye *Afterlives* ya 2020, riwaya yenye askari wa jeshi la Wajerumani.

Tena kuna *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza na mzaliwa wa Zanzibar, ikisimulia watu ambao wengi wao wangezungumza Kiswahili, sasa imerudi katika lugha hiyo. Katika jambo hilo moja mna maswali ya kutosha kwa tasnifu kadhaa, na wanaoweza kuyajibu vizuri ni watu wenye lugha zote mbili.

Hapa muundo wa vyuo vyetu unaleta kikwazo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Fasihi inayofundisha kwa Kiingereza, na kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, yenye idara yake ya fasihi. Mwanafunzi wa swali kama hili anahitaji wasimamizi wawili, mmoja kila upande. Aliombe hilo mapema, kwa maandishi, wala asisubiri kuambiwa.

Lugha ina faida nyingine kwa wanaoelekea Marekani. Programu nyingi za uzamivu wa Kiingereza huko humtaka mwanafunzi athibitishe kwamba anasoma angalau lugha moja zaidi ya Kiingereza. Aidha, Kiswahili hufundishwa katika vyuo vingi vya nchi hiyo, na wazungumzaji wake wamekuwa wakipata nafasi za usaidizi wa kufundisha, zikiwemo za mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa lugha, ambao humpeleka mtu kwa mwaka mmoja wa masomo bila kumpa shahada. Kwa anayetaka kuijua mifumo ya huko kabla ya kuomba uzamivu, hiyo ni njia nzuri ya kuanzia.

Njia nne, na anayefaa kwa kila moja

Njia ya kwanza ni kubaki nyumbani. Uzamili katika vyuo vyetu kwa kawaida huchukua miaka miwili, mwaka wa kwanza kozi na wa pili tasnifu, na uzamivu miaka mitatu au zaidi. Faida yake ni ukaribu wa matini na watu. Mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya iliyopo katikati ya Nairobi, na hifadhi ya Zanzibar vina vitu visivyopatikana kwingine. Anayetafiti magazeti ya zamani ya wanafunzi, kama *Penpoint* la Makerere au *Darlite* la Dar es Salaam, aanzie huku. Udhaifu ni mzigo wa wasimamizi, wachache kwa wanafunzi wengi, na makala mpya za uhakiki zisizofikika kwa urahisi.

Njia ya pili ni Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kina Idara ya Fasihi ya Kiafrika iliyoasisiwa na Es'kia Mphahlele mwaka 1983. Stellenbosch imekuwa na ushirikiano na vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi katika kuandaa wahadhiri wenye uzamivu. Uzamivu huko ni wa tasnifu tupu, na maktaba ni nzuri. Kwa swali la Kiafrika linalohitaji mazingira tulivu ya kuandika, sioni mahali panapozidi hapo kwa gharama yake.

Njia ya tatu ni Uingereza. Uzamili ni wa miezi 12, uzamivu ni miaka mitatu hadi minne bila kozi za lazima. Ufupi huo unavutia na unadanganya. Mwanafunzi anafika Septemba, na kufikia Machi anatakiwa awe na mada ya tasnifu. Aliyekwenda bila swali hana muda wa kulitafuta. Mwombaji wa uzamivu huombwa pendekezo kamili tangu siku ya kwanza. Idara nyingi za Kiingereza hutaka alama 7 au zaidi katika mtihani wa lugha ya Kiingereza wa IELTS, na ada ya uzamili kwa mgeni mara nyingi huvuka pauni 20,000. Tena, tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kozi hawaruhusiwi kuandamana na wenza na watoto wao. Ruhusa imebaki hasa kwa wanaofanya shahada za utafiti. Mwenye familia alipime hilo kabla ya kulipa ada ya maombi. Kwa upande mwingine, swali lihusulo wachapishaji lina sababu ya kwenda huko: nyaraka za Heinemann, waliochapisha mfululizo wa African Writers kuanzia 1962, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Reading.

Njia ya nne ni Marekani. Huko mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Atasoma kozi kwa miaka miwili au mitatu, atafanya mitihani ya maeneo ya umahiri, kisha ataandika tasnifu; yote huchukua miaka mitano hadi saba, mara nyingi kwa posho anayoipata kwa kufundisha. Maombi yanategemea barua ya malengo na makala ya mfano. Mtihani maalumu wa GRE wa fasihi ya Kiingereza ulifutwa mwaka 2021. Njia hii inamfaa ambaye swali lake bado linakua. Hata hivyo, milango inabana. Chuo Kikuu cha Boston kilisimamisha udahili wa uzamivu wa Kiingereza na masomo kadhaa ya sanaa kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Chicago nacho kilitangaza kusimamisha au kupunguza udahili katika idara nyingi za aina hiyo. Mwombaji asiweke matumaini yake yote upande mmoja.

Msimamizi, fedha na ratiba

Katika fasihi, msimamizi ni nusu ya shahada. Kabla ya kumwandikia mtu, soma angalau makala zake mbili za karibuni. Barua yenyewe iwe fupi: swali lako katika sentensi tatu, vitabu utakavyovitumia, sababu ya kumfuata yeye, na ombi moja wazi, je, anapokea wanafunzi mwaka huo? Barua ya kurasa nne yenye historia ya maisha haisomwi hadi mwisho. Katika vyuo ambako msimamizi hupangwa na idara, nenda na majina mawili kwa mkuu wa idara kabla kikao hakijakaa. Mkishaanza kazi, kubalianeni kwa maandishi: sura itarudi baada ya wiki ngapi, mtakutana mara ngapi. Sura zinazolala miezi mezani mwa wasimamizi ni maradhi ya muda mrefu katika vyuo vyetu, na dawa yake huanza na makubaliano ya wazi.

Kuhusu fedha, kila ufadhili una masharti yanayogusa mpango. Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humtaka arudi nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Maombi yake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mapema Novemba. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, hulipia uzamili na uzamivu, nao hutazama sana faida ya utafiti kwa nchi ya mwombaji. Vyuo vya Marekani hufunga maombi Desemba na Januari. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Septemba ya kuanza masomo, kazi ya kusoma na kuchonga swali inapaswa kuanza mwaka mmoja na nusu kabla.

Wengi miongoni mwa wanafunzi wetu wa uzamili wa fasihi ni walimu wa sekondari walio kazini. Hao hawahamii bweni. Husoma jioni, wikendi au wakati wa likizo za shule. Mpango wao uwe wa kweli kwa hali hiyo: riwaya mbili, hifadhi moja ya nyaraka iliyo karibu, na sura moja kwa kila likizo. Wana pia faida ambayo wengine hawana. Vitabu wanavyovifundisha wamevisoma mara nyingi na mamia ya vijana, na wanajua ni ukurasa gani unaowagawa wasomaji. Swali zuri la utafiti linaweza kutoka darasani kwao.

Shahada ya kazi gani?

Mtu aseme wazi mbele ya nafsi yake anaisomea nini shahada hii. Anayetaka kufundisha chuo kikuu Tanzania ajue kwamba kwa miaka mingi matangazo ya kazi ya mhadhiri msaidizi yamekuwa yakidai wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Kozi za mwaka wa kwanza wa uzamili, basi, si za kupitia tu. Anayetaka kufundisha chuo kikuu Kenya ajue kwamba uzamivu ndio unaotazamwa, pamoja na makala zilizochapishwa katika majarida yenye waamuzi. Apange tangu mwanzo sura ipi itageuzwa makala.

Asiyetaka uhadhiri ana njia nyingine za heshima: uhariri wa vitabu, tafsiri, uandishi wa habari, ukuzaji wa mitaala, uandishi wa kubuni. Gurnah alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa utafiti juu ya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, akafundisha hapohapo hadi kustaafu, na wakati wote huo aliandika riwaya zilizompatia tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ngũgĩ alikwenda Leeds mwaka 1964 kwa uzamili, akatafiti fasihi ya Karibi na hasa George Lamming, na hakuikamilisha shahada hiyo. Alirudi na *A Grain of Wheat*, iliyochapishwa 1967, na insha zake juu ya Wakaribi zikaingia katika *Homecoming* ya 1972. Simtaji ili watu waache shahada njiani. Kwa walio wengi, kuacha ni hasara ya fedha na miaka. Ninamtaja kwa sababu alikwenda Leeds na swali la kweli, jinsi watu waliotawaliwa wanavyoandika historia yao, na swali hilo lilizaa matunda.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Chuo cha wastani chenye msimamizi anayelijali swali lako ni bora kuliko chuo mashuhuri kisicho naye. Mwaka mmoja wa kusoma kabla ya kuomba si mwaka uliopotea. Na mwanafunzi anayekijua Kiswahili asikifiche katika maombi yake, akiandike katika aya ya kwanza.

Idara zetu nazo zina deni. Ziwaruhusu wanafunzi kuwa na wasimamizi wawili wa lugha mbili, ziweke muda wa lazima wa kurudisha sura, na ziwafundishe wanafunzi wa mwaka wa tatu jinsi ya kuchonga swali, badala ya kuwaachia wakaliokote kwenye tasnifu za waliotangulia. Nawe unayefikiria kuomba mwaka huu, iache fomu kwanza. Chukua riwaya unayoipenda kuliko zote, isome upya, na uandike katika sentensi moja jambo usilolielewa ndani yake. Ukiipata sentensi hiyo, fungua fomu.